Tezi, Omo na Ubao Unaopaa

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepitia shule za upili nchini Kenya anaijua methali isemayo kuwa kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huitia katika insha, huifafanua maana yake ya nje na ya ndani, na mtahini humpa alama. Mwanafunzi huyo huyo akipelekwa ufuoni, akasimamishwa mbele ya jahazi lililopwelewa na kuombwa aonyeshe tezi iko wapi, omo iko wapi na ngama ni sehemu gani ya chombo, aghalabu huinamisha kichwa. Ndivyo ilivyo pia kwa yule asemaye kuwa mambo yamekwenda mrama. Neno analo, lakini hajui kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini.

Aibu hii ndogo isingestahili kurasa za jarida kama si jambo moja. Baharini kumezuka chombo kipya, na chombo hicho kinauliza swali ambalo vyama vya Kiswahili vyuoni vimelikwepa kwa muda mrefu: je, Kiswahili kinaweza kumfundisha mtu kazi ya hatari, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukopa Kiingereza kila baada ya sentensi mbili? Kinaweza. Na njia ya kulithibitisha hilo ni kumfundisha mwanagenzi papa hapa.

Chombo chenyewe ni ubao, mfano wa ule wa kutelezea mawimbini. Chini yake umechomekwa mlingoti mfupi wa sentimita 70 au zaidi kidogo, na kwenye ncha ya mlingoti kuna mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Karibu na mabawa hayo ipo mota ya umeme inayozungusha rafadha. Betri imefichwa tumboni mwa ubao. Mpandaji hushika kiganjani kifaa kidogo kisicho na waya, chenye kifyatuo, na kadiri anavyokibana ndivyo rafadha inavyozidi kwenda mbio. Kasi ikifika kilomita 15 hadi 20 kwa saa, ubao wote huachana na maji ukapaa juu yake, mlingoti na mabawa vikabaki chini. Kelele ni kidogo mno. Ajabu nyingine ni kwamba mlingoti huu umepinduka: katika jahazi mlingoti huelekea mbinguni kutafuta upepo, na huu huelekea chini kutafuta maji. Kwa kuwa bado hakuna jina lililokubalika, hapa utaitwa ubao wa mabawa, hadi watakaoupanda waupe jina zuri zaidi.

Wazo lake si la jana. Mwaka 1906 Mwitaliano Enrico Forlanini alikiinua chombo chake juu ya Ziwa Maggiore kwa mabawa ya namna hii. Mwaka 1919 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, pamoja na Casey Baldwin walikiendesha chombo chao HD-4 huko Nova Scotia, Kanada, kwa kasi iliyozidi kilomita 110 kwa saa. Karne moja baadaye mabawa yaliungana na betri nyepesi za lithiamu, na kampuni kama Lift ya Puerto Rico na Fliteboard ya Australia zikaanza kuuza mbao hizi za umeme. Mabawa yasiyo na umeme nayo yalifika Olimpiki ya mwaka 2024, ambapo mashindano ya tiara na ya tanga juu ya ubao yalifanyika Marseille.

Mbona bawa lisilozidi upana wa sinia la pilau liweze kumbeba mtu mzima? Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, kwa hiyo bawa dogo ndani ya maji hufanya kazi ambayo ndege ingeifanya kwa bawa kubwa. Isitoshe, nguvu ya kuinua hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Mwanagenzi asiyelijua hili hushangaa kwa nini ubao uliolala kama gogo huruka ghafla kama paa aliyeshtuliwa. Mvuvi wa ngalawa huenda asishangae sana. Matengo ya ngalawa za pwani yetu ni mbao bapa zilizoinamishwa, na chombo kikienda kwa kasi maji huusukuma ubao huo juu, nao ukakizuia kisipinduke. Mafundi wa ngalawa waliijua siri ya maji kuinua ubao kabla ya Forlanini kuzaliwa, ila hapana aliyewaita wahandisi.

Sasa somo. Mwanagenzi achague kwanza maji, kisha ndipo afikirie ubao. Kina kisipungue pima moja, kwa sababu mlingoti ukigonga mchanga au tumbawe, ubao husimama papo hapo na mpandaji huendelea na safari peke yake. Katika pwani ya Kenya maji ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na pahali palipokuwa na kina asubuhi huwa uwanja wa kutembelea adhuhuri. Kwa hiyo siku za maji mafu ni bora, maji yakiwa yamejaa, ndani ya mwamba ambapo mawimbi yamevunjika. Upepo hauhitajiwi. Majira ya maleleji, pepo zinapogeuka baina ya kusi na kaskazi, ambayo humchosha mwenye tanga, kwake ni neema. Avae kofia ngumu na jaketi la kuokolea maisha, na ajitenge kabisa na waogeleaji, kwani mabawa na rafadha ni visu.

Akishaingia majini, alale kifudifudi juu ya ubao na kubana kifyatuo polepole, ausikilize unavyokwenda. Ubao wenyewe una uzito wa kilo 30 hivi na haupendi papara. Akizoea, apige magoti. Akizoea magoti, asimame, mguu mmoja upande wa omo na mwingine upande wa tezi, magoti yakiwa yamelegea na macho yakitazama upeo wa bahari. Atakayetazama vidole vyake ataanguka. Mwanzoni uzito wake uelemee omo, ili ubao uendelee kubusu maji hata kasi inapopanda. Hapo ndipo penye elimu yote. Akiwa tayari kupaa, apunguze uzito wa omo kidogo tu, kiasi cha mtu anayeanza kufikiria kuketi. Ubao utapanda.

Wengi hupumbazwa na hofu wakaegemea tezi. Ubao huinua omo, ukapanda mno, bawa likachungulia nje ya maji, likavuta hewa na kupoteza nguvu yake yote mara moja, na mpandaji akaporomoka. Dawa ni kuelemea omo mara tu ubao unapozidi kimo, wala si kuachilia kifyatuo kwa ghafla, maana ukikatiwa kasi ubao nao huanguka. Hata hivyo, mtu akijua kwamba kuanguka hakuepukiki, aachilie kifyatuo bila kusita na ajitupe kando, mbali na ubao. Kamwe asiukumbatie. Akizuka, mkono utangulie kukinga kichwa. Ikiwa kuna upepo, ubao utachukuliwa kuelekea demani. Aufuate kwa utulivu, na asiushike upande wa mabawa.

Katika somo hilo lote, maneno yaliyohitajika yalikuwepo: omo, tezi, mlingoti, rafadha, pima, bamvua, maji mafu, maleleji, demani. Mengi yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu chapa ya kwanza ya mwaka 1981. Yaliyokopwa, kama vile mota, betri na lithiamu, yamekopwa na takriban kila lugha, na hayamwondolei mtu heshima. Kilichokuwa haba ni wasemaji. Yamkini nusu ya wasomaji wa kurasa hizi wameyasoma baadhi ya maneno hayo leo kwa mara ya kwanza nje ya methali.

Wapo watakaosema kuwa huu ni mchezo wa matajiri. Ni kweli. Ubao mmoja ni ghali mno, na kijana wa Msambweni hataununua. Lakini aghalabu kijana huyo ndiye anayevibeba vyombo vya wageni hadi majini, anayevisukuma, anayevikimbilia vinapopinduka. Ataelezwa kwa Kiingereza cha haraka, au Kiitaliano, au Kijerumani, kisha atatarajiwa kuyajua maelezo hayo siku rafadha itakapokuwa hatua moja na mguu wake. Lugha aliyoshonea jarife na babu yake ingemwambia jambo hilo hilo kwa sentensi mbili. Hasara ya kutoambiwa ni jeraha, na jeraha halingoji tafsiri.

Wapo pia watakaodai kuwa kazi hii ni ya kamati za istilahi. Kamati zina heshima zake, ila historia ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta inatosha kuwaonya wenye imani kubwa nazo. Vyuo vilijadili, makongamano yakaitishwa, na mwenye kibanda cha kuchapisha nakala akaandika 'kompyuta' ukutani bila kumngoja mtu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye wengi humhusisha na neno tarakilishi, aliacha funzo jingine ambalo husifiwa zaidi kuliko linavyofuatwa. Katika utungo wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alikishika chombo cha Lamu kipande kwa kipande na kukitaja kila kimoja kwa jina lake. Hakuanza na orodha ya Kiingereza upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia. Alianza na chombo.

Tatizo la masomo ya Kiswahili katika vyuo vingi limefungamana na hilo. Mwanafunzi hufundishwa kuhakiki riwaya, kuhesabu mizani na kujadili nadharia za Wafaransa, na hayo ni mema. Hafundishwi kueleza kifaa kinavyofanya kazi. Mwambie aeleze jinsi pampu inavyovuta maji, au kwa nini tanga humwezesha nahodha kwenda kinyume cha upepo, uone atakavyotangatanga. Insha ya maelezo imeachiwa shule za msingi, kana kwamba ni kazi ya watoto. Wakati mwalimu wa fizikia anafundisha kwa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili anafundisha ushairi, ni nani atakayekifanya Kiswahili kizungumze habari za nguvu, kasi na mwinamo? Shahada ya kwanza ingeweza kutenga majuma mawili tu ya mwaka wa tatu, wanafunzi wakae na manahodha na mafundi wa Kizingitini, Gazi au Vanga, warudi na ripoti ya jinsi jambo moja linavyofanywa. Ripoti kumi za aina hiyo zingelifaa jarida kama hili kuliko makala ya kumi juu ya dhamira za riwaya ile ile.

Katika mashindano ya mashua Lamu, kijana huketi au kusimama kwenye ncha ya ubao uliotokezwa nje ya chombo, akaning'inia juu ya maji ili uzito wake uisawazishe mashua isilale. Nahodha akigeuza upande, naye hugeuka, bila kuangalia miguu yake. Kijana huyo akipewa ubao wa mabawa asubuhi, huenda akawa anapaa kabla ya adhuhuri. Atakapopaa atahitaji neno moja ambalo somo lililotangulia lilikosa na kulizunguka kwa maneno mengi: jina la ile nukta ambapo ubao unaachana na maji, sauti ya maji inakatika, na chombo hakielei tena wala hakijawa ndege. Kupaa si lenyewe hasa, na kuinuka ni hafifu. Pengine wavuvi wa ngalawa wanalo, kwa ajili ya ule wakati tengo linapoanza kuruka juu ya maji. Hakuna chuo kilichomtuma mwanafunzi kwenda kuwauliza.