Maji ya Ikweta Yasituzungushe

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yafaa tujiulize kama mgeni naye anapona, hasa anaposimama mbele ya kibao cha Ikweta.

Barabara itokayo Nakuru kwenda Marigat hukata Ikweta karibu na Mogotio, na mabasi ya shule yaendayo kutazama chemchemi za maji moto za Bogoria hupita hapo. Katika safari moja ya aina hiyo niliwasindikiza wanafunzi. Kijana mmoja alitulaki akiwa na beseni lenye tundu, jagi la maji na njiti za kiberiti. Hatua ishirini kaskazini mwa mstari, njiti zilizunguka upande mmoja maji yakitoka. Hatua ishirini kusini, zikazunguka upande wa pili. Mstarini penyewe, zikatulia tuli. Wanafunzi walishangilia. Mwalimu wao aliandika daftarini. Kisha tukatozwa ada ya maonyesho, na aliyetaka cheti chenye jina lake akalipa zaidi.

Mimi ni mtu wa lugha, na sikio langu lilinaswa na neno moja la kijana yule: "imethibitishwa." Imethibitishwa na nani? Lini? Wapi? Kauli ya kutendwa ina hila hiyo: humficha mtenda, na msikilizaji akaridhika.

Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia hupinda mwendo wa pepo. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliieleza hesabu yake mwaka 1835. Ndiyo sababu kimbunga Idai, kilichoipiga Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, kilizunguka kwa kufuata mishale ya saa, ilhali vimbunga vya kaskazini mwa Ikweta huzunguka kinyume. Lakini kimbunga huenea mamia ya kilomita na hudumu siku kadhaa. Beseni huisha maji kwa dakika moja. Isitoshe, nguvu hiyo hufifia kadiri tunavyoikaribia Ikweta, hata ikawa sufuri mstarini. Hatua ishirini si kitu. Mwaka 1962, huko Marekani, mbali na Ikweta, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT alilazimika kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 katika tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 ndipo aione athari hiyo.

Basi njiti huzungushwa na nini? Na mkono. Amwagaye maji ubavuni mwa beseni, au ageukaye nalo kulia au kushoto, ameshayapa maji mwelekeo kabla hajaondoa kidole tunduni.

Wapo watakaosema kwamba kijana anatafuta riziki na mtalii hapungukiwi na kitu. La hasha! Mtalii huyo akirejea kwao na kuujua ukweli, atakitilia shaka hata kinyago cha jiwe la Tabaka alichokinunua papo hapo, ingawa ni kazi halali ya mikono. Mchongaji wa Kisii atakuwa amelipia uongo asiousema. Na mwanafunzi wetu je? Atauamini uongo huo maisha yake yote, kwa kuwa aliuona kwa macho yake, mwalimu akiwa kando na kalamu mkononi.

Sisemi walimu wasisimame hapo. Wasimame, ila wanafunzi wapewe kazi. Mmoja wao amwage maji mwenyewe, yaachwe yatulie, tundu lizibuliwe taratibu, na jaribio lirudiwe mara kumi pande zote mbili. Hilo litakuwa somo la sayansi, na ada itakuwa imelipiwa elimu.

Ikweta ina maajabu yake ya kweli. Takriban tarehe 20 Machi na 23 Septemba, jua la adhuhuri husimama utosini, na kijiti kilichosimikwa wima hukosa kivuli. Kijana wa beseni angeweza kuwaonyesha wageni jambo hilo bila ya kugeuza mkono. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.