Ioni Haziachani Zote, Tuambiwe Ukweli Mapema

Jameni, kuna sentensi moja ya kemia ya sekondari ambayo naona imetudanganya vya kutosha: "Chumvi ikiyeyuka majini, ioni huachana kabisa."

Kwa chumvi ya mezani, kidogo kwenye maji mengi, sawa, inakaribia ukweli. Lakini chukua magnesiamu salfeti, ile chumvi ya Epsom ya duka la dawa. Kila ioni yake ina chaji mbili, moja chanya, nyingine hasi, kwa hivyo zinavutana vikali. Baadhi hubaki wawili wawili, na jozi kama hiyo haina chaji ya kusafirisha umeme.

Si habari mpya hii. Niels Bjerrum wa Denmark aliieleza 1926, miaka mitatu baada ya Debye na Hückel kutoa hesabu zilizochukulia kwamba ioni zote ziko huru.

Mbona najali? Angalia betri ya lithiamu kwenye simu yako. Ukizidisha chumvi ndani ya elektrolaiti, umeme haupiti vizuri zaidi milele. Kuna kiasi kikipita, ioni zinashikana, kioevu kinakuwa kizito, na umeme unapita kwa shida. Sasa mwanafunzi aliyekaririshwa "kabisa" ataboresha hiyo betri aje?

Walimu wetu, sisemi mfundishe hesabu za Bjerrum kidato cha pili. Futeni tu "kabisa", muandike "si zote, na si kila mara". Akiuliza kwa nini, hapo mko na somo.