Baada ya Mtoto wa Jicho Kutolewa



Kwa jamaa zetu walioweka makao Kitui, Makindu na Wote, upasuaji wa mtoto wa jicho umekuwa neema kubwa: mzee aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msikitini sasa huenda peke yake. Lakini maradhi haya hayawapati wazee pekee. Kijana huyapata kwa kupigwa na jiwe la manati, kwa kisukari, au kwa kutiwa miezi mingi matone yenye steroidi, yaliyonunuliwa dukani ili kutuliza macho yawashayo. Huyo ndiye tunayemhofia.

Nyuma ya jicho mna utando mwembamba, retina, upokeao picha ya tuvionavyo, na mbele yake umejaa ute mzito. Kwa mzee, ute huo mara nyingi umekwisha kuachana na retina. Kwa kijana bado umeigandama. Lenzi ya asili ikiondolewa, ute husogea, huweza kuivuta retina ikachanika, maji yakapenya chini yake, ikabanduka. Kwa jumla huwapata wachache, yapata mmoja katika mia au pungufu, ila hatari huzidi kwa vijana, hasa wanaume na wasioona vya mbali. Huweza kutokea baada ya miezi, hata miaka, wakati kila mtu ameshausahau upasuaji.

Dalili hazina maumivu, na hapo ndipo watu wanapohadaika: mwanga wa ghafla pembeni kama radi, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, kisha kiza kinachofunika kama pazia. Si jini, akina mama; na dua msomeeni, lakini msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Kiza kikifika katikati ya jicho, uoni huenda usirudi kama ulivyokuwa hata akitibiwa.

Daktari wa retina hapatikani katika kila hospitali ya kaunti; mara nyingi safari ni ya Nairobi, Kikuyu au Mombasa. Basi kabla ya upasuaji muulizeni daktari: retina imechunguzwa, na itachunguzwa tena lini? Likizuka jambo usiku, tumpeleke wapi? Nauli na iwekwe kando siku hiyo hiyo.

Anayetibiwa retina pengine hutiwa kiputo cha gesi jichoni. Gesi hiyo hutanuka mtu apandapo juu, hivyo asisafiri kwa ndege mpaka iishe, ijapokuwa tiketi ya Umra imekwisha kulipwa. Na aliyetibiwa Mombasa apate idhini ya daktari kabla ya kurudi Kitui, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari.