Msitu wa Chome Upimwe Pamoja na Ujirani Wake

Mtu apitaye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi, akakaribia Same wakati wa kiangazi, jua likiwaka juu ya nyika ya miiba na mashamba ya mkonge, huona taabu kusadiki kwamba juu ya milima iliyo mkono wake wa kulia kuna msitu ambao ukungu hauuhami. Msitu huo ni Chome, nao umeuzunguka mlima wa Shengena, ambao kilele chake kinapita meta 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, silsila ya milima ya kale ianziayo Taita katika Kenya na kukomea Udzungwa. Vijito vingi vya Upare wa kusini hushuka kutoka milima hiyo, na kwa maji ya mlimani hujazwa ndiva, yale mabwawa yaliyobuniwa na wazee wa Kipare ili maji ya usiku yahifadhiwe na mchana yagawiwe mashambani kwa zamu. Basi hatima ya miti ya Shengena haiwahusu wataalamu peke yao. Mkulima wa tambarare, asimamaye na jembe lake akingoja zamu, ana haki ya kujua msitu ule unaendaje.

Rai ninayoileta mbele ya wasomaji ni kwamba wakati umefika wa kuupima msitu huo kwa namna ambayo kila mti utaandikwa pamoja na majirani zake, kisha upimwe tena na tena kwa miaka mingi, maadamu zana za kuifanya hesabu hiyo zipo na hazidai hata senti moja. Taifa letu si geni katika kazi ya kuhesabu misitu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Tanzania Bara ilifanyiwa tathmini kubwa iitwayo NAFORMA, ambayo ilitubainishia kwamba tuna hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti. Ilikuwa kazi ya fahari. Lakini muradi wake ulikuwa kujua nchi ina miti kiasi gani, na kujua kiasi cha miti ni jambo moja, na kujua ni mti gani unaudhulumu mwenziwe ni jambo la pili.

Kwani mti haukui peke yake. Nuru ipenyayo katika matawi ya juu ndiyo riziki ya mche ulio chini, na maji yaliyokwisha kunywewa na mizizi ya mmoja hayapatikani kwa mwingine. Mathalani mkafuri wa milimani, ambao Wasambaa huuita mkulo na Wachaga mseri, na wataalamu huujua kwa jina la Ocotea usambarensis: mti huu, ulio wa jamaa moja na mdalasini na mparachichi, hufika kimo cha meta 40 na zaidi, na mbao zake zilipendwa mno hata wapasuaji wakauandama kwa misumeno katika Kilimanjaro, Usambara na Upare. Mbegu zake hazitegemewi. Aghalabu huzaliwa upya kwa machipukizi yatokayo katika mizizi ya mti mkongwe unapochoka au kuanguka. Shoka likiacha mwanya mkubwa wa jua, huingia miti yenye haraka, hasa Macaranga kilimandscharica, ikautwaa mwanya huo kabla machipukizi hayajapata nguvu. Je, machipukizi hayo yanakufa kwa kukosa nuru, au yanasubiri tu, na siku moja yataipita miti iliyoyatangulia? Na jirani yupi akipunguzwa, mkafuri utapumua? Maswali haya hayajibiki kwa kutazama tu, hata mtazamaji awe mzee aliyezaliwa pembezoni mwa msitu, kwa sababu mti huongeza unene kwa milimeta chache kwa mwaka, na jicho la binadamu halikuumbwa kuyakumbuka mambo madogo kiasi hicho.

Hapo ndipo ilipo fadhila ya programu za takwimu. Mwaka 1974 mtaalamu aitwaye Hegyi alitoa kanuni nyepesi: unene wa jirani ugawanywe kwa unene wa mti unaochunguzwa, jawabu ligawanywe kwa umbali ulio kati yao, na majawabu ya majirani wote yajumlishwe; kadiri jumla ilivyo kubwa, ndivyo mti unavyosongwa. Tangu hapo elimu hiyo imepanuka. Huko Marekani, Albert Kim na David Allen walichapisha mwaka 2020 njia waliyoitumia katika msitu mmoja wa Michigan, ambamo majirani wote walio ndani ya meta 7.5 huingizwa katika hesabu, kila aina ya mti ikipewa uzito wake, na programu ikakadiria ni aina ipi humkalia nani, na kwa kiasi gani.

Kilichonivutia zaidi katika njia hiyo ni insafu yake, maana haikubaliwi mpaka ipite mitihani miwili. Katika mtihani wa kwanza, kipande kizima cha msitu hufichwa, programu ikajifunza kwa vipande vilivyosalia, halafu ikaagizwa kubashiri ukuaji wa miti iliyofichwa. Hufichwa kipande kizima, wala haiteuliwi miti hapa na pale, kwa kuwa miti iliyokaribiana hufanana kwa udongo na hewa, na kwa mfanano huo programu ingeonekana hodari kuliko ilivyo. Katika mtihani wa pili, majina ya majirani huchanganywa ovyo na hesabu ikarudiwa: ubashiri usipoharibika, ni dhahiri kwamba jirani ni jirani tu, aina yake si kitu. Katika Michigan ubashiri uliharibika, yaani aina ya jirani ilikuwa na maana. Kazi hizi zote hufanyika kwa lugha ya kompyuta iitwayo R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, nayo hutolewa bure kwa kila atakaye, awe Auckland au awe Same.

Lakini programu haina macho wala miguu. Sharti mtu apande mlima, apigilie kibati chenye namba katika kila mti, aandike aina yake na mahali uliposimama, aondoe ukoga wa kijani juu ya gome, azungushe utepe katika kimo cha meta 1.3, ambacho wanamisitu huita usawa wa kifua, na atie alama ya rangi hapo, ili atakayekuja baada ya miaka mitano apime palepale. Utepe ukipanda au kushuka kidogo, au ukilazwa juu ya ukoga, kosa hilo laweza kuumeza ukuaji wa mwaka mzima.

Wako watakaosema kwamba kazi ya namna hiyo ni ya mataifa tajiri. Nawaelekeza Ituri, mashariki ya Kongo, ambako katika miaka ya 1990 viliwekwa viwanja vinne vya hekta 10 kila kimoja, viwili Edoro na viwili Lenda, na kila mti wenye kipenyo cha sentimeta 1 na kuendelea ukaandikwa. Vita vikapita juu ya ardhi ile. Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea, akabaki katika hifadhi ya okapi akiilinda hazina ile ya maarifa, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya Goldman. Yaliyowezekana kwao penye bunduki hayawezi kuwa muhali kwetu penye amani.

Wengine watahofu kwamba hesabu za kompyuta zitawadharau wazee. Hasha! Wapare walikuwa na mpungi na mshitu, misitu ya ibada na ya jando, ambayo mila iliharimisha kukatwa, na kwa sababu hiyo miti ya baadhi yake imeishi ujirani wa asili kwa vizazi vingi. Ikiwa wenyewe wataridhia, humo ndimo penye kipimo cha kulinganishia msitu ulioguswa na misumeno. Hofu iliyo ya haki ni nyingine: kwamba mtu mwenye tamaa ya mbao aweza kuichukua hesabu akaifanya kibali. Dawa yake ni kuziweka takwimu zote wazi, ili kila mwenye kudai kwamba mti fulani unafaa kuondolewa aonyeshe ushahidi wake hadharani.

Kwa hiyo nauomba Wakala wa Huduma za Misitu, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine ambacho elimu yake ya misitu ilianza Morogoro tangu mwaka 1973, utenge katika Chome kiwanja cha kudumu chenye ramani ya kila mti, uwafunze na kuwalipa vijana wa vijiji vinavyouzunguka msitu ili wawe wapimaji wake, na uweke ahadi ya kurudi kila baada ya miaka mitano bila kukosa. Bei ya vibati, tepe na ujira si kubwa ikilinganishwa na thamani ya maji yashukayo Same. Kipimo cha kwanza kisipochukuliwa sasa, hata programu iliyo bora kuliko zote haitaweza, miaka kumi ijayo, kutuambia ni mti upi uliokua na ni upi uliosongwa ukafa.