Kufuga si kulea

Kuna neno ambalo watu hulitumia bila kulipima: kufuga. Twafuga kuku, twafuga mbuzi, lakini utamsikia mwenye nyumba akisema kwa kiburi juu ya mtoto wa ndugu yake: «Huyu nimemfuga mimi.» Haya, tulipime.

Kufuga si kutiisha tu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II alileta tembo wanne kutoka Uhindi, wakashuka karibu na Dar es Salaam, wote wakafa. Baadaye, huko Uele, walikamatwa tembo wa Kongo wenyewe, huko Api na baadaye Gangala-na-Bodio, wakafundishwa kuvuta mikokoteni. Walitii, ndiyo. Lakini walitolewa porini wangali wadogo, hawakuzaliwa zizini. Tembo alitiishwa, hakufugwa. Kuku ndiye aliyefugwa: mwenye banda huchagua jogoo gani abaki na yupi aingie chunguni, kizazi baada ya kizazi, mpaka umbo na tabia vimegeuka.

Mhogo nao, uliotoka Amerika ya Kusini, umefugwa hivyo. Ila huo umetufunga na sisi: mama zetu huloweka mihogo michungu siku tatu au zaidi ili sumu itoke, na waliofupisha siku hizo wakati wa njaa wamepata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu.

Na mtu je? Wabelgiji walijaribu. Mwaka 1948 walitoa «carte du mérite civique», mwaka 1952 «immatriculation». Mtu mzima, baba wa watoto, akakaguliwa nyumbani mwake kama anakula mezani na kama choo chake ni safi. Twawalaumu, na ni haki. Lakini tutazame na jikoni kwetu. Mtoto ameletwa kutoka kijijini ili asome. Anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anaosha vyombo, anakula mwisho, na daftari hana. Kifaransa husema «domestique» kwa mbuzi na kwa mtumishi pia; lugha yetu haikuwa na aibu hiyo, sisi ndio tunaiingiza.

Mtanijibu: anakula, analala, kwao angekufa njaa. Hata mbuzi hula, hata mbuzi hulala. Lakini kukua kwake kwamfaidia nani? Mzazi hulea ili siku moja mtoto aende zake. Mfugaji akikuta zizi wazi hulifunga.

Mwenye nyumba, mtoto huyo yuko darasa la ngapi?