Mcheza, Si Mrukaji

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ni njema, lakini siku hizi imegeuzwa kuwa kificho cha uvivu. Kijana hurukaruka ukumbini, akamkanyaga mwenzake, akashika ukuta asianguke, naye hupigiwa makofi. Mwingine ayumbaye mara moja huchekwa, kisha huambiwa ati kudansi ni kipawa, naye hakuzaliwa nacho. Nayapinga yote mawili. Makofi yale ni ya uongo, na kicheko kile ni dhuluma.

Ewe msomaji, mtu hazaliwi na mizani ya mwili, hujifunza. Mtazame mama ateremkaye mlima wa Manga baada ya mvua, mtungi wa maji kichwani. Udongo unateleza, njia imeinama, lakini kichwa hakitikisiki. Siri yake ni nini? Hauhamishi uzito wake mpaka mguu wa mbele umekwisha kushika ardhi. Magoti yake ni malegevu, kifua kimesimama, macho yanatazama mbele wala si vidoleni. Hakuanza na mtungi. Alianza na kibuyu kidogo, akakimwaga, akarudia tena.

Basi walsi, dansi ya hesabu ya tatu, haidai zaidi ya hayo. Hatua ya kwanza ya kwenda mbele huanza kwa kisigino. Kisha mwili huinuka juu ya vidole, na mwisho wa hatua ya tatu hushuka taratibu, goti likikunjika kidogo. Uzito ukiwa juu ya mguu mmoja, wa pili huwa huru kwenda. Tena kila mmoja hubeba uzito wake mwenyewe: kumshika mwenzako si kumning'inia.

Wako watakaosema kwamba ufundi huu ni wa kigeni, na kwamba ngoma zetu hazina kanuni. La hasha! Katika miaka ya 1930 vijana wa Dar es Salaam walikuwa na vyama vyao vya dansi, wakicheza walsi na fokstroti. Na hapa kwetu, obokano, kinanda kikubwa cha Wagusii, kina nyuzi 8. Mpigaji haanzi wimbo mpaka amekaza kila uzi mahali pake, kwa maana mmoja ukilegea, wimbo wote huharibika. Ikiwa kinanda hutengenezwa kwa uangalifu namna hiyo, yawaje mwili unaokifuata uachwe ovyo?

Kesho asubuhi, simama juu ya mguu mmoja, goti likiwa legevu, uhesabu hadi 20. Kisha badilisha mguu. Fanya hivyo kila siku kabla ya kutafuta makofi ya mtu. Ukiyumba, usione haya. Mwenzako akiyumba, usimcheke. Rudia hatua pamoja naye. Methali ilisema mcheza hutunzwa. Mrukaji haikumtaja.