Ukitaka Altezza kuukuu, andaa fedha mara mbili

Mwaka huu vijana watatu niliowafundisha wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, na swali moja: "Mwalimu, nichukue Altezza?" Wa kwanza anauza vitenge kati ya Kigoma na Nyanza-Lac. Wa pili anasafirisha mchele. Wa tatu hana biashara yoyote; ana kipande cha shamba la michikichi alichogawiwa na baba yake, naye amekwisha kupata mnunuzi. Ni huyu wa tatu aliyenifanya nishike kalamu.

Najua wazee wenzangu watakavyolipokea swali hilo. Watasema gari la mbio ni la wahuni, na kwamba mtoto aliyekulia katika nyumba ya udongo ukimbizini hapaswi kurudi nyumbani kuanza kunguruma mjini. Sikubaliani nao. Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi waliyopewa wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972, nikarudi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wenzangu. Likizo za sekondari nilizimalizia katika gereji moja mjini Tabora nikiosha vipuri, na tangu hapo naijua raha ya injini iliyofungwa vizuri. Watu walioishi miaka mingi wakiomba kibali hata cha kutoka nje ya makazi wana haki ya kupenda kitu kinachokwenda kasi. Tatizo langu haliko kwenye gari. Liko kwenye hesabu, na kwenye mahali fedha zinakotoka.

Tulitazame gari lenyewe. Toyota ilianza kuuza Altezza mwaka 1998, na msimu ule wa 1998 hadi 1999 ikachaguliwa kuwa gari la mwaka nchini Japani. Nchi nyingine ililetwa kwa jina la Lexus IS. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina milango minne, na mshale wake wa kilomita umezungukwa na vijisaa vidogo kama saa ya mkononi ya tajiri. Uzalishaji ulikoma mwaka 2005. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata ile changa kuliko zote imekwisha kutimiza miaka 20, na hilo ndilo linaloifanya iwe rahisi kununua. Chuma chake bado kizuri. Mpira wake umezeeka: bushi, mipira ya maji, mihuri ya oili, mikanda, matairi. Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka, hata gari likiwa limelala gereji kule Yokohama.

Mdogo wangu, mfanyabiashara wa dagaa, alinunua ya kwake mwaka 2017. Yeye ndiye dereva, mimi ndiye mwenye daftari. Kila faranga iliyoingia katika gari lile nimeiandika, kuanzia plagi mpaka kipande cha waya. Katika mwaka wa kwanza matengenezo yalimeza fedha zinazokaribia theluthi mbili ya bei ya kununulia, na wala hakupata ajali wala injini haikufa. Ilikuwa ni kulipa madeni ya watu walioliendesha kabla yake. Mwaka wa pili gharama zikashuka hadi robo, wa tatu zikapungua zaidi, na tangu hapo gari linakwenda kwa adabu. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia: kama mfukoni una fedha za kununua gari tu, basi bado huna fedha za kununua gari. Tafuta la bei ya chini zaidi, au subiri.

Wengi wanapokosea ni katika kuchagua injini. Zipo Altezza za aina mbili zinazofika kwetu. Moja ina injini ya silinda nne, 3S-GE, nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia sita za mkono. Nyingine ina silinda sita, 1G-FE, nguvu za farasi 160 hivi, lita mbili zile zile. Kijana ataikimbilia ya 210. Akisikia namba hiyo hasikii tena jambo jingine. Mimi namwambia achukue ya 160, kwa sababu ambayo kila anayefika Kariakoo anaijua: injini hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Mark II, zile GX 100 na GX 110 zilizojaa Tanzania nzima. Kipuri chake kipo, fundi wake yupo, na kijana wa gereji anaifungua akiwa anapiga soga. Ile ya silinda nne ni injini ya heshima, lakini ilitengenezwa kunywa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kipimo cha Japani oktani yake haipungui 96, na vipuri vyake vingi ni vyake peke yake. Ukitaka kujua unauziwa ipi, usimwulize dalali. Fungua boneti usome kibati: GXE10 ni silinda sita, SXE10 ni silinda nne.

Kuhusu petroli nisipite haraka. Katika uhaba mkubwa wa mwaka 2024 wengi wetu tulinunua mafuta ya madumu, yaliyovushwa usiku na kumiminwa mchana kando ya barabara. Probox inavumilia mengi. Injini ya mbio iliyotegemea mafuta safi haivumilii: uchafu unaziba chujio, unachosha pampu, unaharibu nozeli, na gari linaanza kukohoa mlimani. Mdogo wangu alikuwa akichuja kila dumu kwa kitambaa, akabadilisha chujio la petroli mara mbili katika mwaka mmoja, na bado pampu ilikufa.

Sasa ukaguzi. Gari lililotoka mnadani Japani huwa na karatasi yake ya mnada, na muuzaji mwaminifu huionyesha. Gredi ya 4 au 4.5 ni nzuri kwa gari la umri huu. Ukiona R au RA, ujue liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, herufi A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa. Pia utaona kilomita zilizosomwa siku ya mnada, na hapo utalinganisha na zile zinazosomeka leo kwenye dashibodi. Nimewahi kuona gari ambalo lilivuka bahari likapungukiwa na kilomita 70,000. Muuzaji alipoulizwa alisema ni kosa la mashine ya Wajapani.

Nenda ulitazame asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta limekwisha kuwashwa "ili lipate moto kidogo", rudi kesho. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokatika pamoja na maji yanayopungua ni gasketi ya silinda hedi. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hakuna karatasi wala kibandiko, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukikatika njiani, gari linazimika hapo hapo, na katika injini nyingi za namna hii pistoni hugonga vali. Kisha mwombe fundi apandishe gari kwa jeki atikise magurudumu ya mbele. Altezza zinajulikana kwa kula boli jointi za chini, na boli jointi ikichomoka gurudumu linalala ubavu ukiwa katika mwendo. Matairi nayo yana tarehe: tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni. Ikiandikwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaloonekana jipya kwa sababu limepakwa dawa nyeusi ni hatari kuliko lililoisha kwa macho.

Mengine ni ya kuchekesha tu. Redio ya Kijapani ya miaka ile inaishia 90, hivyo vituo vingi vyetu huvisikii mpaka ufungiwe kifaa cha kuongeza masafa. Na kila asubuhi ukiwasha gari kuna mwanamke anayezungumza Kijapani kwa upole. Watoto wa mdogo wangu wamekariri maneno yake yote. Anasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

Linalonitia hofu zaidi ni barabara. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na gari hili lina usukani kulia. Dereva anayetaka kulipita lori haoni mbele mpaka nusu ya gari iwe imekwisha kutoka, na kwa kuwa Altezza iko chini, lori linakuwa ukuta. Fikiria njia ya kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama: kona, ukungu, mvua, na waendesha baiskeli wa ndizi walioshikilia malori kwa nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, likiwa na matairi yaliyokauka, mkia wake huhama kwenye lami yenye maji kabla dereva hajajua kilichotokea. Anayenunua gari hili na anunue kwanza matairi manne mapya na breki, kabla ya spika na rimu. Huwa naambiwa hiyo ni nasaha ya mwalimu. Ni nasaha ya mtu aliyehudhuria mazishi ya wanafunzi.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani wanaodhani watanunua leo na kuuza kesho kwa jirani, watazame ramani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi. Rwanda ilikwisha kuyafungia mlango magari madogo ya usukani wa kulia mwaka 2005. Soko la kuliuza tena ni dogo kuliko linavyoonekana ukiwa umesimama Mugina siku ya msongamano.

Narudi kwa yule wa shamba. Wanaosoma ukurasa huu wanajua shamba maana yake nini huku kwetu. Wazazi wetu waliporudi walikuta watu wengine ndani ya ardhi yao, na wengine wale nao walikuwa wameuziwa au kugawiwa na serikali, hawakuwa na pa kwenda. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006, na kuna familia zilizokaa miaka zikibeba mafaili kutoka ofisi hadi ofisi, nyingine zikapata nusu, nyingine hazikupata. Baba wa kijana huyu alipata nusu. Nusu hiyo ameigawa kwa watoto wanne. Michikichi iliyomo inatoa mise kila mwaka bila kuomba petroli. Kijana ananiambia gari litakodishwa kwenye harusi za kiangazi na fedha zitarudi. Nimempigia hesabu kwa daftari la mdogo wangu: harusi za miezi mitatu, katika mwaka mzuri, zililipa matairi na oili. Hazikulipa boli jointi. Nimemwambia akodishe shamba kwa misimu miwili, aweke akiba, kisha tuzungumze tena habari za silinda sita. Hakufurahi, na sijui kama atanisikiliza, maana mnunuzi ana fedha taslimu na gari liko tayari Kigoma limeoshwa.

Na ninyi mnaopita Mugina na Kobero kila wiki, nina ombi moja. Kuna fedha halali katika vitu vidogo ambavyo hakuna anayevileta: boli jointi halisi, mikanda ya taimingi iliyo ndani ya boksi lake, pedi za breki, chujio za petroli, vyote vikiwa na risiti ili mtu akiuziwa bandia ajue pa kurudi. Katika maduka ya Nyanza-Lac leo utapata taa za buluu za kufunga chini ya gari, mabomba ya moshi yenye kelele na stika za kila rangi. Boli jointi moja ya mbele, upande wa kushoto, mdogo wangu aliisubiri siku 11, gari likiwa juu ya mawe nyuma ya nyumba.